Acheni Wimbo Uishe: Barua ya Wazi kwa Madereva na Makonda Wanaopita Ipogolo

Ipogolo, Iringa
Februari 2025

Ndugu zangu masuka, makonda, na ninyi vijana mnaogawa maji na pipi,

Ninawaandikia kutoka hapa Ipogolo, chini ya mlima, mahali ambapo Iringa mjini iko juu inawachungulia, nanyi mnasimama dakika tatu, mnashusha wawili, mnapakia mmoja, mmeshaondoka. Mimi ni yule fundi simu wa ng'ambo ya barabara, mwenye mwavuli wa bluu uliopasuka ubavuni. Wengine mnaniita Fundi, wengine Mnyalu, na konda mmoja wa zamu ya usiku huniita Benki, kwa sababu ananidai, nami namdai, na hakuna anayelipa. Flashi zenu nazijua kuliko ninavyozijua sura zenu. Kuna ile yenye kamba nyekundu ya kiatu, kuna iliyoyeyuka pembe kwa joto la dashibodi, na kuna ile yenye folda kumi na moja ambazo zote zimeandikwa MPYA.

Sitaki kusema habari za mwendo. Mwendo una wenyewe, trafiki na tochi zao. Wala sauti kubwa sina ugomvi nayo, basi la kimya kimya nalo linatia hofu. Nina neno moja tu: nyimbo zenu haziishi. Wimbo unaanza, mtu anatikisa kichwa, kiitikio kinaingia, na kabla mwimbaji hajapumua dijei wa miksi amekohoa kwenye maiki, amejitaja jina mara tatu, king'ora kimelia, tumehamishiwa wimbo mwingine. Nao hauishi.

Desemba nilipanda basi hapa kwenda Mbeya kumwona dada yangu aliyejifungua. Safari ya zaidi ya kilomita 300, na spika ziliwashwa kabla sijapata pa kuweka begi. Mbele yangu walikaa akina mama wawili wenye vitenge vya sare, mmoja amempakata mtoto aliyelala mdomo wazi. Tulipoipita Mafinga, tukiwa katikati ya misonobari ya Sao Hill, ukaingia wimbo wa Bella Kombo, ule wa Mungu Ni Mmoja alioimba na Evelyn Wanjiru wa Kenya pamoja na Neema Gospel Choir ya Chang'ombe. Mnaujua. Mwaka 2024 sijui kama kuna harusi au msiba ambao haukupigwa. Basi zima likatulia. Aliyekuwa anabishana na konda kuhusu chenji akanyamaza. Wimbo ule una ngazi, unapanda moja baada ya moja, na kwaya iko pale kwa ajili ya ngazi za juu. Tulipofika kwenye ngazi hizo, dijei akakohoa. King'ora. Tukajikuta kwenye amapiano.

Wale akina mama hawakunyamaza. Waliendelea, kwa sauti ya chini, mmoja juu na mwingine chini, wakausogeza wimbo polepole huku spika zimeshapita kwenye nyimbo nyingine mbili. Mtoto hakuamka. Kijana wa siti ya pembeni alitoa spika za masikioni kuwasikiliza. Waliumaliza karibu na Nyololo, wakafunga na amina, wakatoa karanga.

Sasa nikiri. Miksi ile naijua ilikotoka. Baada ya amapiano ulikuja wimbo ambao faili lake liliharibika mwanzoni, linaruka kama mtu mwenye kwikwi, na kwikwi ile naitambua kwa sababu ni ya kompyuta yangu. Flashi ile nilijaza mimi, miezi kadhaa nyuma, kwa mkono wangu, nikalipwa buku na chipsi. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya pili: unaleta flashi au memori kadi, naingiza nyimbo, unaondoka. Konda alikuwa akiniambia, “Fundi, weka vitu vya kuchangamka, wimbo ukizidi dakika mbili abiria wanasinzia.” Nami naweka. Sikuwahi kumuuliza abiria akisinzia ana kosa gani, wakati amelipa nauli na kiti kinalala.

Kwa hiyo barua hii haitoki kwa malaika, inatoka kwa mshiriki wenu.

Zamani mashine zenyewe zilitulazimisha kuheshimu mwisho. Santuri ndogo ya dansi ilikuwa na pande mbili, na mara nyingi pande zote mbili zilibeba wimbo mmoja. Upande wa kwanza waimbaji wanakueleza kisa, upande wa pili magitaa yanapokea na watu wanainuka. Aliyesikia upande mmoja alikuwa hajausikia wimbo. Mji wetu huu ulikuwa na bendi ya namna hiyo. Tancut Almasi Orchestra ilikuwa ya kiwanda cha kukata almasi hapa Iringa, na miaka ya 1980 mapacha wawili wenye asili ya Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, waliifanya isikike nchi nzima. John Kitime, ambaye wengi mnamjua kwa bendi ya Njenje, alipitia humo. Wana wimbo unaitwa Masafa Marefu. Masafa marefu, jamani! Bendi ya Iringa, na hakuna flashi hata moja iliyopita kwangu yenye wimbo huo.

Kisha zikaja kaseti za Bongo Fleva. Professor Jay alipotoa Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, nani angepeleka mbele wimbo wa Ndiyo Mzee kabla mgombea hajamaliza kuahidi? Utamu wote uko kwenye kumwacha aendelee kuahidi. Kupeleka mbele kulikula betri, na kalamu ya kurudishia kaseti haikupatikana kila mara, basi tulisikiliza. Na angalieni: Sugu, mtu wa Mbeya, alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Professor Jay alikuwa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Kote mnapita na mabasi yenu. Barabara hii hii imepeleka bungeni wana hip hop wawili, watu ambao kazi yao ilikuwa kupanga maneno mengi kwa utaratibu na kutegemea kwamba kuna mtu atakaa asikilize mpaka ubeti wa tatu.

Sasa nije kwenye nyimbo zenyewe, maana miezi hii michache ilikuwa ya neema na ninyi mnaipitisha kama hakuna tochi mbele.

Anzeni na Marioo. Albamu yake, The Godson, ilitoka Novemba 2024, nyimbo 17. Mkiianzisha hapa Ipogolo mtaimaliza kabla ya Mafinga, hata polisi wakiwasimamisha Ifunda. Mimi nasema 17 ni nyingi. Tatu ningezipunguza, na sitazitaja, kwa sababu mashabiki wake hapa kituoni ni wengi nami nina mwavuli mmoja. Lakini Marioo anaimba kama mtu aliyeegemea ukuta akiongea na mtu mmoja tu, na uimbaji wa namna hiyo hauwezi kukuingia kwa sekunde arobaini. Unahitaji umzoee, kama jirani. Sikilizeni Nairobi, aliomshirikisha Bien, yule wa Sauti Sol. Mmoja anaegemea, mwingine anasukuma. Kwenye miksi mgeni wa wimbo huwa hafiki kabisa, anakatwa akiwa bado kwenye utangulizi. Kwa hesabu za flashi zenu, Bien hajavuka Namanga.

Zuchu naye Desemba 2024 alitoa albamu ya Peace and Money. Mkumbuke huyu ni binti wa Khadija Kopa, na wimbo mmoja wa taarab wa mama mtu unaweza kuwatoa Tanangozi ukawakaribisha Ifunda wapiga ala bado wanapokezana. Binti anafanya kazi yake kwa dakika tatu. Namsikiliza sana pale anapobana neno puani kidogo kabla ya kuliachia. Hiyo ni taarab, haifundishwi studio. Hizo dakika tatu zenyewe mnampa moja na nusu.

Komasava ya Diamond sina la kuisemea. Ile ni salamu kwa lugha nyingi, imeumbwa vipande vipande, ukiikata inaota tena kama mgomba. Ipigeni mtakavyo.

Singeli ndiyo inahitaji onyo. Sisso na Maiko, watu wa Mburahati, walitoa albamu ya Singeli Ya Maajabu mwaka 2024. Ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na Ulaya watu wanaicheza kuliko sisi wenyewe. Hakuna mtu anayekuimbia hadithi humo. Ni kinanda na mapigo yanayokimbizana hadi unajiuliza vidole vya Maiko vinapata wapi nafasi ya kukosea. Nimeisikiliza nikibadilisha kioo cha simu na nikakipasua kipya. Kwa hiyo ombi langu ni kwamba msiiweke mnaposhuka Kitonga. Iwekeni mkiwa mmesimama mnachimba dawa, itawarudisha abiria haraka kuliko honi.

Albamu ninayotaka hasa muisikie ni nyingine, na najua itanigharimu kuwashawishi. Inaitwa Maisha, ya Zawose Queens. Ilitoka Juni 2024 kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel kule Uingereza. Wenyewe ni Pendo na Leah Zawose. Pendo ni binti wa Hukwe Zawose, yule mzee wa Kigogo aliyeishi Bagamoyo na kuizungusha ilimba, ala ya vijiti vya chuma, dunia nzima mpaka alipofariki 2003. Leah ni mjukuu wake. Katika ukoo ule, kwa miaka mingi, wanaume ndio walioongoza na kushika ilimba mbele ya watu, wanawake wakaitikia na kucheza. Hii ni mara ya kwanza wao kusimama mbele na albamu yao.

Ugogoni ni jirani zetu, ni kuvuka Mtera tu. Bado nilikuwa mgeni kwenye muziki huu kama mtu wa Oslo. Mara ya kwanza niliuweka kwenye ile spika yangu iliyochanika, asubuhi, kabla ya wateja. Ilimba ikaanza kuzunguka pale pale, vijiti vya chuma vinalia kama mvua inayoanza juu ya bati, na nikasema hapa hakuna kinachoendelea. Nikashika skrubu. Baada ya muda nikagundua nimeacha kufungua simu. Mzunguko ulikuwa umebadilika bila kuniambia, kuna ngoma ilikuwa imeingia chini, na sauti mbili za kike zinapandiana, moja ikiisha nyingine imeshakuwa pale muda mrefu. Mama muuza mayai ya kuchemsha, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kusifu kitu changu, aliuliza, “Hawa wanaimba nini?” Nikasema sijui Kigogo. Akasema, “Usizime.”

Muziki huu ukiukata dakika moja umetoka na mwanzo wa mvua, hujanyeshewa. Mahali pake ninapajua: ukishaiacha Makambako na upepo wake, basi linaposhuka kuelekea Igawa na tambarare la Usangu linajifungua, jua limelala juu ya majaruba ya mpunga. Abiria wa Njombe na Songea wameshashuka, waliobaki wamechoka kuongea. Wekeni Maisha hapo. Msiiguse mpaka Chimala.

Na mkifika Mbeya, mkumbuke kuna Wamwiduka Band, vijana wa pale pale waliotoka mitaani na babatoni, ile besi ya kienyeji ndefu kuliko mtu, wakaenda nayo mpaka Sauti za Busara Zanzibar. Sijui kama kuna basi la kwenda Mbeya linalopiga muziki wa Mbeya. Mtu wa Uyole anaingia kwao akisikiliza Johannesburg.

Niseme pia kwamba wivu unanisumbua. Wagogo wana Zawose, Mbeya wana babatoni, na sisi Wahehe tulikuwa na ligombo, zeze la ubao wa kuchongwa, lenye sauti ya kunong'ona. Hugh Tracey alipopita Tanganyika na mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1950 alilirekodi. Leo mwulize kijana wa Ipogolo ligombo ni nini, atadhani umekosea kusema mgomba. Kitu kikikosa wa kukisikiliza mpaka mwisho hupotea hivyo hivyo, bila mtu kukipiga marufuku.

Najua majibu yenu, maana makonda wawili nimeshawasomea barua hii. Wa kwanza alisema abiria hawaelewani: mmoja anataka injili, mwingine singeli, mwingine ana kesi kichwani hataki chochote, na miksi inampa kila mtu kidogo. Kaka, miksi haimpi mtu kidogo, inamnyang'anya kila mtu kwa zamu. Wale akina mama wangekaa na singeli yenu saa nzima bila kinyongo kama mngewaachia wimbo wao mmoja uishe. Siku zote tunakaa na watu tusiofanana nao ndani ya basi. Tunavumilia kuku, tunavumilia simu za spika, tutavumilia albamu.

Wa pili alikuwa na hoja nzito zaidi. Alisema siku hizi wanamuziki wenyewe wanatengeneza nyimbo fupi, kiitikio kinaanza mlangoni, basi kosa si la konda. Ni kweli. Spotify huhesabu umesikiliza wimbo ukifikisha sekunde 30, na mtu anayelipwa kwa sekunde 30 atakuwekea sukari yote kwenye sekunde 30. Nami kibandani nilikuwa naingiza nyimbo hizo kwa buku, na Marioo hakuona hata shilingi. Nimeacha. Nilifuta folda zote Januari, na kwa wiki mbili wateja walinitazama kama mtu aliyeokoka. Sasa hivi konda akija na flashi namwambia alete simu. Namfungulia akaunti ya kulipia muziki, namwonyesha namna ya kupakua albamu nzima akiwa na mtandao mzuri, kwa sababu Kitonga mtandao unapotea, kisha namuunganishia kwa bluetooth. Kazi hiyo natoza mia tano. Ada ya akaunti hiyo kwa mwezi ikigawanywa kwa safari, haifiki bei ya yai moja kwa mama yule.

Tena mna bahati ambayo redio zetu hapa Iringa hazina. Mtangazaji ana matangazo, ana taarifa ya habari, ana wasikilizaji wanaopiga simu kusalimia shangazi. Ninyi mna watu hamsini waliofungwa mikanda, wasio na pa kwenda, kwa saa sita. Hakuna ukumbi kama huo katika nyanda zote hizi. Tangu safari za usiku ziruhusiwe mwaka 2023, ukumbi wenu haufungwi hata saa nane usiku. Ninalala karibu na barabara. Nawasikia mkipita kwenye baridi, madirisha yamefungwa, na bado mapigo yanatoka: nusu ya wimbo huu ukielekea Dar, nusu ya wimbo ule ukielekea Mbeya. Mara mbili nimejikuta nimekaa kitandani nauimba mwenyewe ule uliokatwa, ili nipate usingizi.

Ombi langu ni dogo. Chagueni albamu moja kwa safari. Moja tu. Iwekeni kuanzia wimbo wa kwanza, na dijei abaki nyumbani. Kifaa cha kufuatilia mwendo (VTS) kikilia kwa sababu dereva amenogewa, punguzeni mwendo, msipunguze wimbo. Na mkiingia hapa Ipogolo wimbo ukiwa kwenye ngazi zake za mwisho, zimeni injini, acheni spika. Msifungue mlango kwanza. Wanaoshuka hapa ni wawili watatu, nami nitakuwa nimesimama chini ya dirisha, nawapokelea mizigo.

Wenu,
Fundi simu, ng'ambo ya kituo